Mlango wa Uani: Babati na Historia ya Walioikosa Shule

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari. Aliyezaliwa visiwani huufahamu msemo huo kabla hajafundishwa, kwa kuwa ameiona bahari ikiwa wazi kwa kila mwenye ngalawa na kwa kila mwenye mshipi. Shule, walakini, si bahari. Shule ina mlango, mlango una bawabu, na bawabu ana daftari. Jina lililomo daftarini huitwa kila asubuhi na mwenyewe huitika. Jina lisilomo haliitwi, wala hakuna aulizaye liko wapi. Kwa hiyo mwenye kutaka kuijua historia ya elimu mahali fulani hana budi kulisoma daftari kwa namna mbili: kwa majina yaliyomo, na kwa yale yaliyoachwa nje.

Babati ni mahali panapofaa kwa usomaji wa namna hiyo. Mji huo, ulio makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umekaa katika Bonde la Ufa, kando ya ziwa dogo lenye viboko na chini ya Mlima Kwaraa, kwenye ile njia kuu itokayo Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, pale inapochepuka njia nyingine kuelekea Singida. Wilaya ya Babati ilimegwa kutoka Hanang mwaka 1985. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 1,425,131 katika Manyara yote, na ile ya 2022 ikawakuta 1,892,502. Ni mkoa unaokua haraka, na mkoa unaokua haraka ni mkoa wa watoto.

Watoto hao ni akina nani? Sensa haijibu, maana mara ya mwisho Watanzania kuulizwa kabila na karani wa sensa ilikuwa mwaka 1967. Uamuzi wa kuliacha swali hilo ulikuwa na hekima yake, na nchi imevuna amani kwao. Lakini mjini Babati sikio huhesabu kile ambacho kalamu imekiacha. Sokoni husikika Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni lugha za Kikushi, jamaa za mbali za Kisomali. Husikika Kidatoga, lugha ya Kiniloti ya wafugaji ambao majirani huwaita Wamang'ati, jina walilopewa na Wamasai na ambalo maana yake ni adui. Husikika Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni lugha za Kibantu. Na si mbali na hapo, katika nyika za Yaeda Chini wilayani Mbulu na upande wa Kondoa, wapo Wahadza na Wasandawe, ambao lugha zao zina vidoko. Wataalamu wa lugha wanapolitazama Bonde la Ufa la Tanzania husema kwamba hapa pamekutana makundi yote makuu ya lugha za Afrika, nalo ni jambo lisilopatikana kwingineko barani. Mtoto wa Kidatoga na mtoto wa Kigorowa wanaoketi dawati moja wana lugha mbili za nyumbani zilizo mbalimbali kama Kiingereza na Kiarabu.

Kilichowaketisha pamoja ni Kiswahili, na hapo ndipo msomaji wa visiwani anapoingia katika hadithi hii. Misafara ya biashara iliyotoka Pangani ilipita Irangi katika karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi miongoni mwa Warangi. Wajerumani walipojenga maboma yao Kondoa na Mbulu, waliwatumia makarani na maakida waliosomeshwa katika shule za serikali za pwani, ile ya Tanga ikiwa mashuhuri kuliko zote. Kisha Waingereza, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, wakaichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakipeleka hicho Kiunguja katika vitabu vya kila shule ya Tanganyika. Hivyo ndivyo mtoto wa chini ya Kwaraa, ambaye hajapata kuiona bahari, alivyojifunza kusoma kwa matamshi ya watu wa bahari.

Ila walioingia darasani walikuwa wachache, nao walichaguliwa. Enzi ya Waingereza kila mlango ulikuwa na watu wake. Zilikuwako shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na utengano huo haukufutwa mpaka baada ya uhuru, mwanzoni mwa mwaka 1962. Kwa Waafrika wenyewe ngazi ilikuwa nyembamba. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa kwanza kwa watoto wa machifu. Wengi wa waliobaki waliishia darasa la nne. Mwalimu Nyerere alizitaja hesabu hizo katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967: mwaka wa uhuru watoto 490,000 walikuwa katika shule za msingi, na katika shule zote za sekondari walikuwa 11,832 tu. Mwaka alioandika, wa msingi walikuwa wamefika 825,000 na wa sekondari 25,000. Alikiri kwamba takribani 13 tu katika kila 100 wa shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari, akaihimiza nchi iwafundishe wale 87 kana kwamba ndio shule yenyewe, wala si makapi ya mchujo.

Maneno hayo yalikuwa na uzito wa pekee katika nchi ya wafugaji. Shule hupenda watu wanaokaa. Ng'ombe hupenda majani, na majani hayakai. Daftari hudai jina moja, mahali pamoja, siku mia moja na tisini na kitu kwa mwaka. Mvulana wa Kidatoga aliyepewa ndama wawachunge akiwa na umri wa miaka saba alikuwa tayari ameandikishwa katika shule nyingine, yenye mitihani yake na fahari yake. Na baba yake hakuona kwa nini aiache hiyo kwa ajili ya ile ambayo mwalimu wake hajui hata kumtambua ng'ombe kwa rangi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikalifanya jambo hilo kuwa la lazima. Operesheni ya vijiji, iliyopamba moto kati ya 1973 na 1976, iliwakusanya watu karibu na shule. Lakini mkono mmoja wa serikali ulipokuwa ukiwavuta wafugaji waje kijijini, mkono wa pili ulikuwa ukiwaondoa malishoni. Huko Basotu, Hanang, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Canada, chini ya shirika la umma la kilimo na chakula. Mashamba hayo yalifika saba, na kwa jumla yalimeza ardhi ipatayo ekari 100,000, malisho mazuri ya Wadatoga ikiwa ni pamoja na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwa faida ya shirika. Kaya nyingi zikaswaga mifugo yao kwenda mbali, mpaka Morogoro na Mbeya. Mtoto ambaye boma lake limehamia mkoa mwingine hawezi kuitika jina lake asubuhi. Daftarini ataandikwa mtoro. Wala hapana safu ya kuandika kwamba aliyetoroka si yeye, ni ardhi iliyomtoroka.

Wahadza nao walionjeshwa jambo hilohilo kwa namna yao. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda Chini, wakajengewa nyumba na kuwekewa shule. Maradhi yakawaandama, na muda si mrefu wengi wakarudi porini. Watoto waliopelekwa bweni walitoroka usiku kwa miguu, wakizifuata nyayo walizofundishwa kuzisoma kabla ya herufi.

Katikati ya miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba, karo na michango vikarejea, na sasa bawabu akawa fedha. Mlango wa shule ya msingi ulifunguliwa tena kuanzia mwaka 2002, ada ilipofutwa chini ya mpango wa MMEM. Wakati huohuo ulipanuliwa mpango wenye jina linalojieleza lenyewe: Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, yaani MEMKWA, uliojaribiwa kwanza mwaka 1999 katika wilaya chache. Watoto waliopitwa na umri wa darasa la kwanza walikusanywa katika vyumba vya pembeni, wakafundishwa kwa miaka mitatu yale ambayo wenzao walifundishwa kwa saba. Kundi la pili la mpango huo lilikuwa la wenye miaka 14 hadi 18. Ni umri wa ndevu na wa kuposwa. Na kijana wa umri huo anayekubali kuketi mbele ya silabi ba, be, bi ameonesha ushujaa usiopewa nishani.

Kisha zikaja sekondari za kata. Kutoka takribani 1,300 mwaka 2004, sekondari za nchi zilizidi 4,200 mwaka 2010, na Babati, kama wilaya nyingine, ilichangishana matofali na mabati. Januari 2016 ada ya sekondari ya kutwa za serikali ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa mbaazi wa Bonga au wa mpunga wa Magugu aliweza kusoma sekondari akilala kwao, japo kwao kuwe mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Mlango ulipanuka, lakini msichana aliendelea kutolewa kwa mlango huohuo. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kuolewa au kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitamka kwamba katika utawala wake msichana aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali. Visiwani mambo yalikuwa yamekwisha kuchukua njia nyingine: Zanzibar ilikuwa imemruhusu mzazi mwanafunzi kurejea tangu mwaka 2010. Kwa miaka minne na ushei, binti wa Babati na binti wa Mkoani, wana wa Jamhuri moja, walisubiri hukumu mbili tofauti kwa jambo moja. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuondolewa kwa katazo hilo, na waraka wa serikali ukatoa muda wa miaka miwili kwa aliyekatiza masomo arudi.

Ndipo tunapofika kwenye lile darasa dogo ambalo historia yote hii imelijaza. Tanzania ina sekondari ya umma iliyo nje ya sekondari. Inasimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, chombo kilichozaliwa mwaka 1960 kama idara ya chuo kikuu na kupewa sheria yake mwaka 1975. Katika vituo vyake mwanafunzi husoma kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, kisha cha tatu na cha nne kwa mwaka wa pili. Mradi wa kuboresha sekondari ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo wa dola milioni 500 mwezi Machi 2020 uliipa njia hiyo nguvu mpya, hasa kwa ajili ya wasichana waliokatiza masomo. Wapo waliolalamika wakati huo kwamba njia ya pembeni haiwi hiari ikiwa njia kuu imefungwa, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Lakini katazo lilipoondoka, njia ya pembeni haikukosa watu, kwa sababu mimba haikuwa kamwe sababu pekee ya kuikosa shule.

Katika nyumba ya Kiswahili kuna mlango wa mbele, wenye baraza na nakshi, na kuna mlango wa uani. Mgeni hupokewa mbele. Uani hupita wenyeji: mama na ndoo yake, mtoto na kuni, jirani aliyekuja kuazima chumvi. Darasa la walioikosa shule ni mlango wa uani wa elimu ya taifa. Sare si sharti, umri si kosa, na kengele hulingana na saa za watu wenye kazi. Ukiulizwa wanafunzi wa mlango huo ni akina nani, jibu ni kwamba ni kila aliyewahi kuachwa na sheria fulani ya mwaka fulani. Yupo mama mwenye mtoto mgongoni, aliyeachwa na kanuni za 2002. Yupo kijana aliyechunga mpaka ng'ombe wakaisha kwa ukame, akashuka mjini kulinda duka la mwingine usiku. Yupo mtumishi wa nyumbani aliyekuja Babati na ahadi ya kusomeshwa. Yupo aliyeanguka mtihani wa kidato cha pili, na yupo mtu mzima mwenye kazi ambaye anadaiwa cheti na mwajiri. Katika sekondari ya kawaida wanafunzi hufanana umri na hutofautiana vijiji. Katika darasa hili hutofautiana kila kitu, ila hufanana katika jambo moja, kwamba wote waliwahi kufutwa katika daftari lingine.

Je, mlango wa uani unaingiza katika nyumba ileile? Jawabu limefichwa katika herufi moja. Baraza la Mitihani la Tanzania humpa mtahiniwa wa shule namba ya kituo inayoanza na S, na mtahiniwa wa kujitegemea namba inayoanza na P. Mtihani ni mmoja, siku ni moja, na kengele ya kuanza ni moja. Orodha ya matokeo huonesha namba, jinsia, pointi na daraja. Haioneshi umri, wala mtoto aliyenyonyeshwa kabla ya karatasi ya hisabati, wala zamu ya usiku iliyotangulia karatasi ya asubuhi. Hupimwa kwa mizani ileile aliyesoma miaka minne na aliyesoma miwili. Usawa huo una heshima yake, kwa kuwa cheti hakiandikwi kwa huruma; lakini anayesoma jumla za ufaulu za vituo hivyo bila kuwajua walioketi humo atafanya dhuluma kwa kutumia hesabu sahihi.

Tena kuna kizingiti cha lugha. Kiswahili ndicho kilichowakusanya watoto wa lugha nyingi katika shule ya msingi, na mlangoni mwa sekondari kikaambiwa kibaki nje kiwe somo tu. Mwanafunzi wa kawaida ana miaka minne ya kuupanda ukuta huo wa Kiingereza. Wa mlango wa uani ana miwili, akitokea mbali zaidi: kutoka Kidatoga hadi Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi lugha ambayo nje ya darasa hasikii akisemeshwa.

Kwa sababu hiyo kipindi cha Kiswahili huwa na hewa yake. Kwa miaka mingi tangu 2005, miongoni mwa vitabu vya fasihi vilivyowekwa kwa kidato cha tatu na cha nne vilikuwamo Malenga Wapya, diwani iliyotoka katika taasisi ya Kiswahili ya Zanzibar, na Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib, mshairi wa visiwani, ambayo jina lake tu lawataja wahangaikao kwa ajili ya tonge. Ilikuwamo pia riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, kisa cha watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Mtoto wa miaka kumi na sita husoma kisa hicho ili ajibu swali la dhamira. Mwanamke wa miaka ishirini na minne, aliyefukuzwa yeye mwenyewe, hukisoma kwa macho mengine, na akiulizwa dhamira hahitaji kuitafuta kitabuni. Mizani na vina vilivyotungwa mbele ya bahari vimewafikia watu wa nyika wakiwa watu wazima, na pengine wamevipokea vyema zaidi kwa kuchelewa.

Daftari la darasa hilo ni jembamba, na halina heshima ya yale makubwa yanayofungiwa kabatini kwa mkuu wa shule. Lakini mwanahistoria wa kesho atakayetaka kujua Tanzania ilimwacha nani, mwaka gani na kwa sheria ipi, atafanya vyema kuanza nalo. Nchi imekusudia sasa, kwa sera ya elimu iliyotolewa upya mwaka 2023, kwamba kila mtoto asome kwa lazima miaka kumi. Likitimia kusudi hilo kikweli, pamoja na mtoto wa malishoni na binti mwenye mimba, daftari la mlango wa uani litapungua majina mwaka hadi mwaka. Hicho ndicho kipimo chake. Mpaka siku hiyo, jina liitwapo jioni mjini Babati na mtu mzima akaitika, kuna deni linalolipwa, nalo limechelewa.